Mazoezi mepesi ya nyumbani: leo niko fiti, kesho sukari inashuka. Nilichanganyikiwa hapa Tunduma

Wakuu, habari za mihangaiko.

Ninachosimulia kimenitokea mwenyewe. Sina chumvi ya kuongeza, maana hata bila chumvi kinanitia aibu.

Mimi ni wakala wa kutoa mizigo hapa Tunduma, mpakani. Mzaliwa wa Kondoa, lakini huku nimeshakuwa mwenyeji. Nina kisukari cha vidonge.

Wengi tunajua ugonjwa huu kwa sukari kupanda. Hiyo ya kushuka hatuiogopi mpaka ikutembelee.

Mimi ilinikuta barabarani. Nilijitia kijana, nikatoka kukimbia bila kula. Nikaanza kutetemeka, jasho la baridi, maneno hayatoki. Nikakaa chini pembeni ya foleni ya malori, watu wakapita wakidhani nimelewa. Mimi, ambaye pombe siijui!

Kliniki wakanipunguzia dawa. Nesi akanionya nisirudie mbio. Nianze upya taratibu nyumbani: kutembea palepale, kukaa na kusimama kwenye kiti, kusukuma ukuta. Nile kwanza, nipumzike, kisha nifanye mazoezi chakula kikiwa bado kinafanya kazi. Nipime sukari kidoleni kabla ya kuanza, na kitu cha sukari kiwe karibu.

Sasa mke wangu, Mama Rehema, anafuata mchele Kamsamba. Ndiyo kazi yake na anaipenda. Tangu nizidiwe hakusafiri tena, akawa anauza sokoni hapahapa mchele wa kununua kwa wenzake, na wateja wake wakaanza kuzoea wengine.

Akaniambia wazi kwamba nikizidiwa tena, safari za Kamsamba ndiyo basi, atakaa nyumbani anilinde. Wakuu, hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu mzima kulindwa kama mtoto anayejifunza kutambaa.

Basi nikajipanga. Ananiandalia chai na viazi, tunakula pamoja, nameza dawa, yeye anaenda sokoni. Alarm ya simu ikilia saa tatu naingia chumba cha nyuma, nafanya mazoezi yangu, naoga, naenda kazini.

Siku za mwanzo safi kabisa. Nikaanza hata kujiangalia kwenye kioo.

Halafu siku moja, katikati ya kusukuma ukuta, mikono ikaanza kutetemeka. Jasho. Nikaona ukuta ndio unanisukuma mimi. Nikapima, imeshuka. Nikanywa soda niliyoiweka karibu, nikakaa mpaka ikarudi.

Kesho yake chakula kilekile, dawa ileile, mazoezi yaleyale, na sikuona chochote. Keshokutwa, mtetemo.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuchoka. Nilimlaumu kila mtu. Nikasema viazi vya siku hizi havina nguvu. Nikasema dawa ni feki. Kipimo nacho nikakishuku, nikampima Mama Rehema, kikasoma vizuri, na yeye akanuna kwa kutobolewa bure.

Nikarudi kliniki. Nesi akauliza kama nakula kwa wakati. Nikamwambia nakula kwa wakati. Nafanya mazoezi kwa wakati? Nikamwambia kwa alarm kabisa, dada yangu. Akanitazama, akashauri nianze kula kidogo kabla, na nisianze kabisa nikipima ikawa chini. Hilo la kula tena nikaliona la kuzidisha, na kupima kila siku nilikuwa nimeshaacha maana vile vijiti vya kipimo vilikuwa vinaisha haraka.

Kuna jambo moja nilikuwa nimeligundua, ila nilimficha nesi ili asinione nimerukwa na akili. Siku nikitetemeka, watoto wa shule ya msingi ya jirani wanapiga kelele. Siku nikiwa mzima, kumetulia.

Nilimwambia mke wangu. Akaacha kuchambua mchele.

"Baba Rehema, yaani kelele za watoto ndizo zinakushusha sukari?"

Msinicheke, wakati ule niliona inawezekana. Nilifikia kuziba masikio kwa pamba.

Asubuhi ya mwisho ya mateso hayo, nimeshaanza mazoezi, kelele zikaanza. Mikono nayo ikaanza. Nikakaa, nikanywa soda yangu. Simu ikaita dirishani.

Ni Chanda, dereva wa Zambia ambaye nilikuwa nashughulikia lori lake.

"Ba agent, nafika boda saa nne."

Wakuu, kuna swali ambalo kila mtu wa Tunduma analo mdomoni. Linatoka lenyewe, kama salamu. Nikamuuliza:

"Saa nne ya kwenu au ya kwetu?"

"Ya kuno, bwana. Ya Zambia."

Nikabaki nimeshika simu. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima, nani asiyejua hapa? Nikaitazama ile simu. Inasema saa tatu na kitu. Juu yake jina la network ya Zambia.

Nikaenda sebuleni polepole, nashika ukuta. Saa ya ukutani: saa nne na kitu. Nje watoto wako mapumziko, wanapiga kelele zao halali kabisa.

Yaani simu ikilala dirishani, siku nyingine inakamata mnara wa ng'ambo na kujibadilisha saa yenyewe. Nakula kwa saa ya Tanzania, nafanya mazoezi kwa saa ya Zambia. Chai imeshaisha tumboni, dawa bado iko kazini. Na mimi ndiye ninayewafundisha vijana wapya ofisini waulize saa ya nani!

Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea bila kicheko. Nilikuwa nimeshaamini mwili wangu umeniacha.

Nilichojifunza: mwili ukikupa majibu ya kugeukageuka, angalia na vitu ulivyovizoea mno. Pima kabla ya kuanza, usibanie vile vijiti. Weka kitu cha sukari mkononi, na ukitetemeka acha hapohapo, usijitie shujaa. Na muulize mtaalamu wako, mimi ni wakala wa mizigo tu. Alarm nimeifuta, naangalia saa ya ukutani.

Wenye sukari ya kushuka, ninyi mnafanyaje mazoezi? Na wa mipakani wenzangu, simu zenu zimewahi kuwahamisha nchi? Tiririkeni.

Naandika hapa nikiwa peke yangu nyumbani. Mama Rehema yuko Kamsamba tangu juzi. Amepiga sasa hivi, nasikia watu wanapakia magunia nyuma yake. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, saa moja na nusu.

Naye akadakia:

"Ya kwetu?"

"Ya kwetu, mama."

"Haya, fanya mazoezi yako."