Niliandika Kwamba Namjua

Wengine wenu mtasema nimetunga. Semeni tu. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi katika kisa hiki. Tena yatoeni kichwani yale mambo ya usiku wa manane na bundi. Wangu nilikutana naye saa nne asubuhi, jua linawaka, kwenye foleni ya pasipoti mjini Bungoma, watu wanakunywa chai na mandazi kando yetu.

Mimi ni mtu wa Kitale, nauza mbegu na mbolea katika duka la mtu. Wazazi wangu ni Wakikuyu waliohamia Kachibora kabla sijazaliwa, kwa hiyo mila za majirani zetu Wabukusu nilikuwa nazijua kwa kusikia tu. Nina mtoto mmoja, Shiko. Wakati huo alikuwa na miaka sita na tundu kwenye moyo. Akipanda ngazi tatu, midomo inageuka rangi ya zambarau. Baba yake alishatuacha zamani, wacha nisimtaje. Hospitali moja ya India ilikubali kumpasua ikatupa tarehe, na kanisa likatuchangia nauli. Zilibaki pasipoti mbili, yangu na yake. Daktari aliniambia wazi kwamba tarehe hiyo ikipita, Shiko huenda asiifikie nyingine.

Sasa, kama hujawahi kuomba pasipoti, jua kwamba fomu ina sehemu ya mdhamini. Ni mtu anayekujua, anatia sahihi kwamba anakujua, na nakala ya kitambulisho chake inaambatishwa. Pasta wangu alitia sahihi. Lakini nilipofika dirishani, Shiko mgongoni, yule afisa aligeuza karatasi mara mbili.

"Mama, nakala ya kitambulisho ni mbele peke yake. Nyuma iko wapi?"

Nyuma! Pasta, Mungu amsamehe, alikuwa amenipa upande mmoja tu, nami sikuangalia. Nilimpigia simu. Imezimwa. Alikuwa kwenye mazishi huko mahali panapoitwa Kwanza.

"Tafuta mtu mwingine mwenye anakujua," afisa akasema, na sikusikia ubaya katika sauti yake. "Jaza fomu zingine, urudi kabla ya saa kumi. Ikishindikana, chukua siku ingine."

Siku nyingine ya nani? Mimi Bungoma simjui hata kuku. Nilichapisha fomu mpya kwenye saiba ya jirani, nikajaza, kisha nikaketi kwenye ukingo wa mtaro nikalia mbele za watu, sikuona haya.

Hapo lazima niwaambie jambo ambalo kila aliyepanga foleni ile analijua na hakuna anayelisema. Watu wasiojuana hudhaminiana. Wewe unanitilia sahihi kwamba unanijua, mimi nakutilia, kila mtu anaenda zake. Si haki, lakini tunafanya. Tunaona ni msaada, kama kumshikia mtu mtoto.

Ndipo mwanamume mmoja akasimama mbele yangu. Wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, koti la kijivu, mpole wa sauti. Mikono ya koti ilikuwa na madoa ya kahawia, nami niliyajua mara moja, kwa sababu nimekata ndizi tangu utotoni. Ni utomvu wa mgomba. Hautoki hata ufue na nini.

"Pole, mama mtoto," akasema. "Usilie. Mimi nitasema nakujua. Na wewe useme unanijua. Si ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu," nikasema. Ningemkubali hata shetani, na ninasema hivi nikijua ninachosema.

Alijiita Wekesa. Kitambulisho chake tulikitoa nakala saibani, mbele na nyuma; kilikuwa na unyevu, nikadhani ni jasho. Alitia sahihi kwenye fomu yangu, halafu ya Shiko, polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika. Kisha akaweka kiganja kwenye kichwa cha mtoto wangu. "Na huyu pia. Huyu pia nitasema namjua." Shiko, ambaye husalimia hata mbuzi, akauficha uso shingoni mwangu.

Nikatia sahihi kwenye fomu yake. Niliandika jina langu kamili, namba ya simu na kwamba nimemjua kwa miaka mitano. Mitano! Sikuwa nimemjua dakika kumi. Nikamuuliza, kwa kujichekesha tu, anataka kwenda nchi gani.

"Siendi," akasema. "Mimi naomba ya kurudi. Nilienda bila karatasi, mama. Mwenye ameenda bila karatasi, akifika mlango wa kwao wanamwambia hawamjui."

Niliona amechanganyikiwa kidogo, na nani hachanganyikiwi kwenye foleni? Nikamuuliza kama haendi dirishani. Akaikunja fomu, akaitia ndani ya koti. "Mimi nimemaliza." Akaondoka kuelekea barabara ya Kimilili. Shiko akaninong'oneza kwamba mkono wa uncle ni kama udongo wa mvua. Nikamwambia anyamaze.

Afisa alipokea fomu zetu bila neno. Pasipoti zilitoka mapema kuliko nilivyotarajia, nikafunga siku tatu kumshukuru Mungu.

India sitaieleza sana. Jambo moja tu. Walipokuwa wanampasua, moyo wa Shiko ulisimama na ukakataa kuanza. Daktari aliniambia baadaye kwamba walikuwa karibu kuacha, kisha ukaanza wenyewe. Alipozinduka, maneno yake ya kwanza hayakuwa "mama" wala "maji." Alisema, "Uncle wa foleni alikuwa hapa. Kulikuwa na watu kwa mlango wananiita niingie. Akawaambia huyu namjua, mwacheni. Wakaniacha."

Nilisema ni dawa za usingizi. Wewe ungesema nini?

Tulirudi Kitale mtoto anakimbia. Nadhani nilikuwa na majuma matatu ya furaha, sizidishi. Halafu simu ikaita, namba nisiyoijua, sauti ya mwanamke mzee.

"Ni wewe uliandika kwamba unajua Wekesa?"

Nikasema ndiyo, kwani vipi?

Akaniita mama kwa Kibukusu, "Mayi, Wekesa ni mtoto yangu. Tulimzika."

Alinielekeza, nikapanda kwenda kwao siku iliyofuata. Shiko nikamwacha kwa jirani yangu Mama Brayo. Boma liko kwenye mteremko chini ya Kapsokwony, na bodaboda aliniacha njiani kwa sababu ya tope, nikamalizia kwa miguu. Yule mama alinikaribisha vizuri, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Kalibu, mayi, kaa," akasema, akanipa kiti na chai. Kisha akanieleza.

Wekesa alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi ng'ambo, kwa njia ya panya, bila pasipoti wala jina lake halisi. Hakuna habari iliyorudi. Miaka saba ilipopita, wazee wakafanya ambacho watu wao hufanya mtu akipotea na mwili usionekane. Walikata shina la mgomba, wakalivika nguo zake, wakalililia, wakalizika badala yake. Kuanzia hapo jina lake likafungwa, nyumba ikatulia, na mama akaanza kulala.

"Sasa anabisha hodi," akasema. "Kila jioni nikianza kuwasha moto. Zamani alikuwa anabisha mara moja moja, tukimwambia hatukujui, anaenda. Siku hizi anasema, niko na mtu ananijua, ameandika. Akapitisha hii chini ya mlango."

Ilikuwa fomu ile ile. Sahihi yangu, namba yangu, miaka mitano. Pembeni kulikuwa na alama za vidole za rangi ya kahawia.

Ndugu wa marehemu mume wake, mzee mkali wa maneno machache, alitupeleka kwenye kaburi nyuma ya nyumba. Udongo ulikuwa umepasuka, na chipukizi la mgomba lilikuwa limetokea hapo, refu kama goti. "Hiyo haikukuwa hapo kabla yako," mzee akasema. Hakukuwa na matusi. Heri kungekuwa na matusi. Aliniambia nisimame hapo na niseme kwa sauti, mara moja tu, kwamba simjui Wekesa na sijawahi kumjua. Wataichoma karatasi, watang'oa chipukizi, yaishe.

Ni kitu gani kusema ukweli? Kwa maana huo ndio ulikuwa ukweli. Nilimtazama yule mama. Macho yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi, kitambaa cha kichwa kimevaliwa ndani nje. Nikamhurumia kwa moyo wangu wote, aki ya Mungu nilimhurumia. Nikavuta pumzi, nikasema, "Mimi simj—"

Simu ikaita. Mama Brayo. Alikuwa anapiga kelele. "Rudi! Mtoto ameanguka! Alikuwa anacheza tu, ameanguka, midomo ni ya zambarau, hapumui!"

Nilielewa pale pale, nikiwa na tope mpaka vifundoni. Alinijua nami nikamjua. Alinishuhudia nami nikamshuhudia. Nikimkana, naye atamkana Shiko, na kwenye ule mlango mtoto wangu hatakuwa na wa kumsemea.

"Namjua," nikasema. Nilisema kwa sauti, nikarudia. "Wekesa namjua. Ninamjua kabisa."

Simu ilikuwa bado sikioni. Nikasikia Shiko anakohoa, halafu analia, halafu Mama Brayo anamwita Yesu mara nyingi.

Yule mama hakupiga kelele. Alikaa chini, kwenye udongo mbichi kando ya chipukizi, miguu ameinyoosha mbele, akaniangalia. Akaniuliza, "Na mimi je?" Mzee akanionyesha njia kwa kidole, nikaondoka. Sikuaga.

Hayo yalikuwa mwaka uliopita. Niliwaendea mapasta wawili na mganga mmoja, mnisamehe. Hakuna aliyekubali kuligusa jambo hili baada ya kulisikia lote. Shiko yuko darasa la pili na ndiye anayeongoza mbio. Jioni nyingine anasimama langoni na kupunga mkono barabarani, kwa mtu ambaye mimi simwoni. Kwenye pasipoti yake, ukurasa wenye picha, kuna doa la kahawia ambalo halikuwepo. Sijaribu kulifuta.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaopanga foleni na fomu mkononi. Mtu akikuomba useme unamjua, muulize kwanza kwao ni wapi, nenda mpaka kwao, waulize mama yake na majirani zake. Akikataa uende, rudi nyumbani, hata kama utakosa safari. Hivyo ndivyo ninavyoshauri. Mimi mwenyewe, nikirudishwa kwenye ule mtaro na Shiko mgongoni, ningetia sahihi tena, na ndiyo maana sijiamini.

Yule mama hunipigia jioni, moto wake unapowaka. Zamani nilikuwa napokea. Huwa haombi mengi: "Sema tu humjui, mayi. Neno moja. Nilale." Nyuma yake nasikia mlango unabishwa, polepole, kwa adabu.

Anapiga hata sasa ninapoandika. Shiko anaruka kamba uani na kuhesabu kwa sauti. Amefika arobaini na hajachoka. Nimeifunika simu kwa kitambaa, nangoja inyamaze.