Kibao Namba Arobaini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa meza, daftari, kisanduku cha wino na ubao mkubwa wenye misumari. Kwenye kila msumari kulikuwa na kibao cha bati chenye namba. Sajini Meja, mtu mrefu aliyeongea kama anayehesabu hatua, aliniuliza nimesoma mpaka wapi.

"Darasa la sita, afande."

"Kwa nini uliacha?"

"Mama alifariki, na baba akamfuata. Nina wadogo wawili."

Aliangalia karatasi yangu ya maombi. "Mwandiko unasomeka. Sasa sikiliza, karani. Mtu ambaye hayumo kwenye daftari hayumo chuoni, hata kama unamwona kwa macho."

Niliikalia meza ile mpaka nilipostaafu.

Chuo chetu cha kijeshi kilikuwa mbele ya Bonga, ukiiacha lami ya barabara ya Dodoma. Siku za kawaida kazi ilikuwa ndogo: waleta kuni, waleta maharage, fundi wa pampu. Kazi yenyewe ilikuwa Siku ya Wazazi. Ilikuja mara moja kwa kila kozi, kuruta wakiwa wamekaa miezi mitatu bila kuona mtu wa kwao. Bajaji zilianza kufika asubuhi na mapema, kina mama wamepakata mahotipoti ya pilau, kina baba wamevaa koti la kanisani. Niliandika jina la mgeni, jina la kuruta, uhusiano na saa ya kuingia. Mgeni akaweka sahihi au dole gumba, akaacha simu, nikampa kibao akifunge kifuani. Akitoka alirudisha kibao, nikaandika saa ya kutoka. Lango halikufungwa mpaka vibao vyote virudi kwenye misumari.

Watu wa nje hawajui kugusa bega, kwa hiyo nieleze. Kuruta walipangwa uwanjani kwa mistari, wima, macho mbele, mdomo umefungwa. Mzazi hakuruhusiwa kuita jina. Alipita katikati yao kimya, akimpata wake anamgusa bega, na hapo ndipo mtoto aliruhusiwa kugeuka na kusema. Saa tano kamili filimbi ililia. Ambaye hakuguswa alirudishwa bwenini bila kuongea na mtu, akasubiri mpaka mwisho wa kozi. Ukigusa asiye wako, huyo ni wako mpaka jioni. "Jeshi limemchukua kwa jina," alisema Sajini Meja. "Mzazi amchukue kwa mkono."

Mtu anadhani ni jambo rahisi. Nimeona mama akipita mbele ya mwanawe mara tatu. Wote wamenyolewa, wote wamechomwa na jua, wote wanaangalia sehemu moja ambayo haipo.

Tangu kozi yangu ya kwanza alikuwepo mama mmoja aliyekuja wa mwisho, ukungu wa Mlima Kwaraa ukiwa bado haujaondoka uwanjani. Kitenge chake cha kijani kilikuwa kimepauka. Miguu yake ilikuwa na vumbi jeupe, na udongo wetu ni mwekundu. Kila mara kibao kilichobaki kilikuwa namba arobaini. Alitaja jina la kuruta, nami nikalikuta kwenye orodha; kozi hii kijana wa Kiteto, kozi nyingine binti wa Kigoma, na kila mara ni yule ambaye hakujiwa na mtu. Kwenye uhusiano alisema, "Mwanangu." Dole lake liliacha doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja. Sikushangaa sana kwa hilo. Dole la mama yangu lilikuwa hivyohivyo, jembe na jiwe la kusagia vilikuwa vimelimaliza.

Mara moja nilimuuliza, "Mama, kwani una watoto wangapi?"

"Na wewe huko Nakwa unalea wangapi?"

Sikuwa nimemwambia ninakaa Nakwa.

Nilimpelekea Sajini Meja shauri hilo. Aliuliza, "Yumo kwenye daftari?"

"Yumo, afande."

"Basi usiniulize."

Sikuwahi kumwona akitoka. Jioni kibao arobaini nilikikuta kwenye msumari wake, nami nikakisia saa ya kutoka nikaiandika. Huo ndio uongo pekee niliowahi kuandika kazini.

Kisha Paskali, mdogo wetu wa mwisho, akachaguliwa kujiunga na chuo chetu. Mama alimwacha akinyonya. Nakwa nzima wananiita Mama Paskali, ingawa mimi ni dada yake. Nilikwenda kwa Afisa Utawala kuomba ruhusa ya Siku ya Wazazi.

"Karani hawezi kuwa mgeni," alisema. "Ukiwa mgeni, nani atakuandikisha?"

Tukakubaliana mdogo wangu Anjela aje kutoka Arusha. Asubuhi ile akapiga simu: basi limeharibika Magugu, fundi yuko chini ya gari. Nikasema moyoni, yule mama atakuja. Ndivyo nilivyofikiri, na sioni haya kusema. Kibao arobaini kilibaki peke yake msumarini. Nikaangalia barabara. Saa nne na nusu. Saa tano kasoro robo. Hakuna mtu.

Niliinuka. Nikaacha meza, daftari likiwa wazi, mstari niliomwekea Paskali ukiwa mtupu, nikatembea mpaka uwanjani.

Mtoto niliyemwogesha kwenye beseni, niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, sikumtambua. Nilipita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukungu ulikuwa umefika magotini mwao na hakuna aliyekohoa. Nikaona kisogo kilichoinama kidogo kushoto kama cha Paskali. Nikagusa bega.

Aligeuka kijana mwingine, ana kovu juu ya jicho.

"Shikamoo mama," alisema. "Naitwa Yohana. Sikujua kama kuna mtu atakuja."

Filimbi ikalia. Waliobaki wakageuzwa nyuma, wakaondoka kwa hatua. Sikuweza kumwachia bega yule kijana, wala kumfuata mdogo wangu. Machozi yakanitoka mbele za watu.

"Dada! Mbona unalia?"

Paskali alikuwa amekaa kwenye nyasi karibu na jiko, mdomo umejaa makande.

"Nani amekugusa?"

"Si yule mama uliyemtuma? Amenigusa mapema kabisa, akasema wewe una kazi mezani." Alijisugua bega. "Ana mkono wa baridi huyo. Ameondoka sasa hivi, mmepishana hapo njiani."

Njia ilikuwa tupu mpaka langoni.

Nilimwacha Yohana ale na Paskali, nikarudi mezani. Kibao arobaini kilikuwa kwenye msumari. Kwenye mstari wa Paskali palikuwa na dole jeusi lisilo na mistari, na wino ulikuwa umekauka. Pa uhusiano palikuwa wazi. Nikachukua kalamu, nikaandika: Mama.

Jioni Sajini Meja alikagua daftari. "Karani, hapa hakuna saa ya kutoka."

"Hakutoka, afande."

Alilifunga daftari yeye mwenyewe. Barua ya onyo kwa kuacha meza ilikuja baada ya wiki moja, ninayo kabatini. Yule mama sikumwona tena.

Nilipostaafu nilitakiwa kuweka dole kwenye mashine ya utambulisho. Kijana wa ofisini alijaribu mara nne. "Bibi, dole lako halina kitu." Tulicheka wote wawili, mimi kidogo. Paskali yuko mpakani. Yohana hupiga simu kila Jumapili na ananiita mama.

Siku ya Wazazi iliyopita nilipanda bajaji mpaka chuoni, nikiwa na hotipoti. Nilikuwa wa mwisho. Karani mpya ni binti mdogo, mwandiko wake mzuri.

"Shikamoo mama. Unakuja kumwona nani?"

Jina lilinitoka mdomoni kabla sijalifikiria, jina ambalo sikuwahi kulisikia. Alishusha kidole kwenye orodha, akalikuta.

"Uhusiano?"

"Mwanangu."

Akanipa kibao. Nilikifunga kifuani bila kuangalia namba yake, nikaenda uwanjani.