Nilimpa Dada Yusta Sifuri ya Fizikia

Jamani, nirushieni mawe, ila madogo madogo. Kosa ni langu, shetani wala hakuwepo!

Enzi zile wakimbizi wa Burundi wamejaa Kagunga, kijiji cha mpakani kinachofikiwa kwa boti, nilikuwa mtafiti wa maji katika kituo kimoja hapa Kigoma. Nilitoka Moshi na digrii ya fizikia na maringo yangu. Boti moja, watafiti wawili: mimi na Dada Yusta, Muha wa Katubuka. Bosi akaniambia, "Wewe mtu wa hesabu, tafuta namna ya kupima nani anachapa kazi. Huyo ndiye atapewa boti."

Nani asiyejipendelea, jamani?

Nikaeleza kwa mbwembwe: kazi ni kani mara umbali, na umbali unapimwa kutoka ulipoanzia mpaka ulipoishia. Makala zangu zimefika Ulaya, hazijarudi. Yusta je? Asubuhi anakwenda Kagunga kupima visima vya wakimbizi, kibovu anakipaka rangi nyekundu watu wasinywe, jioni yupo ofisini. Kaishia alipoanzia. Kazi: sifuri!

Bosi hakuelewa kitu, lakini alitikisa kichwa kukubali, boti ikawa yangu. Yusta machozi yakamtoka. "Kaka, na vile visima?" Nikamjibu hesabu haina huruma. Mungu anisamehe, nilicheka.

Basi nikawa natamba ziwani na miwani nyeusi. Siku moja nikafika Kagunga, jua linachoma, watu wanachota kisimani. Sikuona rangi nyekundu, nikajua salama. Nikanywa kopo zima! Kumbe mwenye kupaka rangi ndiye niliyemnyang'anya boti, hakuweza kufika!

Lo, tumbo! Nikalazwa kwenye hema la wagonjwa. Kando yangu mtoto wa Kirundi, kanywa maji ya kisima kilekile, macho yamezama. Mama yake ndiye ananipa pole mimi: "Ihangane." Niliona aibu mpaka nikajifunika shuka usoni. Mtoto alipona, namshukuru Mungu.

Yusta akaja na boti ya wavuvi, kabeba dawa na kopo lake la rangi. Akanikuta natoka chooni kwa mara ya ngapi sijui, nimeng'ang'ania nguzo ya hema, nahema.

"Umechoka na nini, kaka?" akauliza. "Umetoka kitandani, unarudi kitandani. Hujasogea!"

Hema zima likacheka, hata mama yule.

Boti nilimrudishia mwenyewe. Nanyi mnaopima kazi za watafiti wenzenu, nawaomba: kabla hamjampa mtu sifuri, kanyweni kwanza maji anayoyapima.