Likizo ya Kidole Gumba

Baba mdogo ni bawabu wa kiwanda cha sabuni. Husimama langoni, huinua kizuizi na kupiga saluti, na kanuni inamtaka awe amevaa viatu vyote viwili. Asubuhi moja kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilivimba, kikawa chekundu kama pilipili; hata shuka likikigusa, anapiga yowe. Daktari akasema ni jongo, jamaa yake baridi yabisi. Mguu upumzike.

Mama wa utumishi akaifungua sera ya afya ya wanaume.

"Mzee wangu, wanaume humu wana moyo na tezi dume basi. Viungo sivioni."

"Mimi ninavyo, mama. Kimoja kinawaka moto."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, leo kinataka likizo?"

Asiyeweza kusimama, mama alisema, lango si lake. Baba mdogo ana watoto shuleni na hajui kazi nyingine. Alibembeleza mpaka mama akalegea, akatoa likizo kwa kidole peke yake. Mwili uliobaki uripoti kazini kama kawaida.

Ila aliye likizoni haruhusiwi kuonekana ndani ya uzio. Basi baba mdogo akaketi kibandani, mguu wa kushoto ameutoa dirishani upande wa barabara, kidole juu ya mto wa mama mdogo. Madereva wakakizoea.

"Shikamoo, kidole!"

"Marahaba, pita," baba mdogo alikijibia.

Mama mdogo akileta chakula alikuwa akiuliza, "Mgonjwa ameamkaje?" huku macho yako dirishani, mumewe hata hamtazami.

Meneja, ambaye magoti yake hulia kama bawaba za mlango kila apandapo ngazi, alikitazama kidole kile kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata sera ikaongezwa mstari: mwenye jongo la kidole gumba cha mguu wa kushoto afanye kazi ameketi. Wanaume wakapiga makofi.

Kesho yake cha kushoto kikapona. Cha kulia kikavimba.

Baba mdogo akachechemea hadi utumishi. "Mama, limehama."

"Kulia hatuna, mzee."

Akageuka aondoke. Mama akavua miwani.

"Hebu keti. Kunja nne."

Akakunja, akiuma meno. Mguu wa kulia ukalala juu ya goti la kushoto.

"Sasa uko upande gani?"

"Kushoto, mama."

"Kaa hivyohivyo," akasema, akagonga muhuri.