Harufu ya Ndago Viganjani

Sifa njema ni zake Mola, anayeiotesha mbegu tuliyoipanda na ile tusiyoipanda, na kila moja akaipa njia yake ya kuishi. Namshukuru kwa kuniachia pumzi na kumbukumbu hadi umri huu.

Juzi mjukuu wangu alikuwa akipalilia mchicha nyuma ya nyumba. Akaniletea kokwa nyeusi, ndogo kama punje ya njugu, ameipasua kwa ukucha.

"Bibi, hebu nusa. Kama kafuri!"

Nikanusa. Ilikuwa kokwa ya ndago, gugu lenye sura ya nyasi. Ikabidi nikae kizingitini.

Nilikuwa na miaka kumi baba alipofariki, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, kijijini kwetu upande wa Kiwangwa. Mama akaingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi hakuvuka mlango wa mbele. Aliyemsimamia ni shangazi, dada yake baba, mwanamke mwenye huruma kubwa na sauti kubwa zaidi ya huruma yake. Yeye ndiye aliyesema kwamba mjane wa eda akitia mguu shambani, mahindi hudumaa. Hakuna aliyembishia.

Shamba lilikuwa ng'ambo ya kisima, na ndilo lililokuwa chakula chetu chote. Mjomba wa Kaole alikwisha kutuma salamu: mahindi yasipopatikana, atamchukua mdogo wangu Salumu, mtoto wa miaka minne, akamlee yeye. Salumu hakupata usingizi mpaka anishike sikio. Kwa hiyo nilipoinua jembe nilikuwa nalima kwa ajili ya sikio langu.

Jioni ya kwanza ya palizi nilimpelekea mama maji ya kutawadha. Akanishika kiganja, akakipeleka puani.

"Mwanangu, huko shambani kuna ndago?"

Kabla sijajibu, shangazi akadakia kutoka mlango wa uani. "Nyasi tu hizo, wifi! Tulia na eda yako. Au siku hizi umekuwa mbwa wa kuwinda?"

Mama hakucheka. "Kama ni ndago, jembe lisizikatekate. Zichimbuliwe na kokwa zake zote, zianikwe juani mpaka zikauke." Akanitazama. "Ni nyasi?"

Viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge. Kuchimbua moja moja kungetuchukua mwezi mzima, na shangazi alikuwa akinikodolea macho.

"Ni nyasi, mama."

Tangu siku ile, kila nilipotoka shambani, nilisugua mikono kwa ndimu kabla ya kuingia chumbani kwake.

Tulikata, mimi na shangazi. Shamba likawa safi kama ukumbi uliofagiliwa, na siku ya tano vikachomoza vijani vyembamba kama sindano, vingi kuliko vile tulivyovikata. Tukakata tena. Shangazi akaalika majirani, akawapikia wali na kunde, majembe yakaingia kwa nyimbo, udongo ukapinduliwa kutoka mpaka hadi mpaka. Mvua ikanyesha usiku huo. Nilipokwenda kutazama baada ya siku chache, niliketi chini nikalia. Kijani kilikuwa kimejaa hata pale ambapo mwanzo hakikuwapo. Mahindi yalikuwa ya njano, yamesimama kama watu wenye homa.

Nilirudi kulima peke yangu, asubuhi na alasiri. Nilisoma kila dua niliyoijua, hata ya kuingia chooni, maana nyingine zilikuwa zimeniishia. Ndago ziliota.

Eda ilipokwisha, mama alioga, akavaa, na mahali pa kwanza kwenda ni shambani. Aliinama akachimba kwa vidole. Chini ya jani moja palikuwa na kokwa, kutoka kwenye kokwa ukapita uzi, ukafika kokwa nyingine, na nyingine, kama tasbihi iliyozikwa. Aliivuta mpaka ikakatika.

"Kila ukikata uzi huu," alisema polepole, "unaziamsha zilizolala."

Kisha, bila kunigeukia: "Nyasi haziogeshwi kwa ndimu, mwanangu. Nilijua tangu jioni ile ya pili."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema, ningetaka kuja. Na ningekuja, mahindi yangedumaa."

Mahindi yalikuwa mbele yetu, yamedumaa.

Mjomba alikuja mwezi uliofuata. Salumu aliondoka mabegani kwake, akinyoosha mkono nyuma kutafuta sikio langu. Mama alipanda viazi vitamu shamba zima, majani yake yakafunika udongo, na ndago, ambazo hazipendi kivuli, zikapungua mwaka hadi mwaka. Salumu aliporudi alikuwa mvulana mkubwa mwenye adabu, akimwita mke wa mjomba "mama", na mama yetu mzazi akimwita "shangazi", kama wanavyomwita watoto wa mjomba.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipofika mlango wa eda katika masomo yangu ya fiqhi. Mwalimu wetu akaeleza kwamba mjane asiye na wa kumtafutia ana ruhusa ya kutoka mchana kwa haja yake, mradi usiku alale nyumbani kwake. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akaendelea na mengine. Mimi nilifunga kitabu. Kutoka mlangoni kwetu hadi shambani palikuwa na hatua mia mbili.

Nilikwenda kumwambia shangazi, akiwa mzee, macho yamefifia.

"Habari ya mahindi kudumaa, nami niliambiwa na mama yangu," alisema. "Sikuuliza."

Sikumlaumu. Yeye hakuuliza, na mimi niliulizwa nikadanganya.

Sasa wajane hunijia, kwa kuwa nimejaaliwa kufundisha kidogo. Kabla hawajaketi vizuri huwauliza: Una shamba? Kuna wa kukulimia? Kama hakuna, nenda ukalione kwa macho yako, urudi kabla ya magharibi.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mola akulinde na jambo unaloliogopa kuliuliza, akujaalie mtu wa kumwambia kweli, na waliolala chini ya paa lako asikutenganishe nao kwa njaa. Amina.