Aliyeitwa Sahani Mbili

Mpishi wa karakana ya samani alikuwa na sharti moja: sufuria ya maharage haiepuliwi mpaka harage libonyezwe kwa vidole viwili, likubali kupondeka. Alilishika miaka mingi. Siku aliyolivunja alikuwa amechelewa kuwasha moto, mafundi wanagonga sahani, na msimamizi kasimama mlangoni mwa jiko. Mpishi akabonyeza harage. Likagoma. Akapakua.

Alasiri, kaka yake, fundi wa viti aliyemtafutia kazi hiyo, aliweka randa chini akajikunja juu ya rundo la mbao.

"Dada, leo umetulisha nini?" aliuliza, tumbo kalishika kwa mikono miwili.

Msimamizi akageuka kumtazama mpishi. Mpishi akaona kazi inamponyoka. Akacheka kwa sauti.

"Nimekulisha ulichoomba! Sahani mbili, tena za kujaza mpaka juu. Umevimbiwa wewe!"

Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Mleteeni godoro mheshimiwa!"

"Na blanketi, tumbo lisipate baridi!"

Kuvimbiwa ni neno lililotokana na kuvimba. Kila mtu anajua maana yake: mtu kala kupita kiasi, chakula kimegoma kusagika, tumbo limemjaa. Ni neno linalomhukumu mlaji, mpishi halimgusi. Ndiyo maana alilichagua. Kaka yake alikuwa amekula sahani moja tu, na hakuimaliza.

Tangu siku hiyo wakamwita Sahani Mbili. Akaacha kula karakanani. Mchana wenzake walipopanga foleni, yeye alikaa nyuma ya stoo na chupa ya maji.

Mwishowe mpishi alimfuata hukohuko na sahani mkononi, macho chini.

"Kaka, yale maharage hayakuiva."

"Najua. Nilitema moja."

"Mbona hukusema?"

"Ungefukuzwa. Nikasema moyoni, ngoja, atasema mwenyewe."

"Kesho nitawaambia wote."

"Haya, mdogo wangu. Waambie."

Kesho ilifika, mpishi akapakua kimya. Hata keshokutwa hakusema.

Siku hizi maharage yake hulainika mpaka karibu yawe uji, na mafundi humsifu. Kila sifa humchoma. Kaka yake humsalimia vizuri, na watoto wa dada yake huwanunulia madaftari. Mpishi kazi amebaki nayo. Lakini chakula cha mkono wake, kaka yake hajakigusa tena.