Majani ya Koko

Muuza maua amenifungia waridi kwa majani ya kangaga, yale ya kivulini yenye meno kama kitana. Waridi nimelitia kwenye chupa. Majani nimeyaweka usoni, yananuka udongo uliolowa.

Koko, mama yake Mama, aliishi Kirungu, juu milimani penye baridi. Boti ya Moba ilikuwa ikituletea Kalemie kapu lake la kabichi, na juu ya kabichi alitandika majani hayo ili zisinyauke kwa jua la ziwani. Aliyakata mwenyewe kijitoni, nyuma ya jiko lake, na hakutaka mtu mwingine ayaguse. Bandarini watu walitupia mbuzi majani ya namna hiyo. Mama alizamisha uso ndani yake kwanza, kabichi baadaye.

Mara moja kapu lilifika limefunikwa majani ya mugomba.

"Sitwayeni, kabichi zako zote njo hizi," baharia alimwambia Mama, akimwita mwananchi kwa Kifaransa kama ilivyokuwa desturi enzi hizo.

Mama hakuzitazama. "Mama yangu ni mugonjwa. Hii boti inarudi saa ngapi?"

Alipanda na kitenge alichokivaa tu. Papa alibaki amenishika mkono, akinung'unika kwamba muntu hasafiri sababu ya majani.

Boti iliporudi tena, Mama hakuwamo. Kapu lilikuwamo. Papa akamkimbilia baharia, amuulize habari. Mimi nilifungua kapu, nikatia uso ndani ya majani ya kangaga, bado yana baridi.

"Papa, wacha kumuuliza," nilisema. "Koko ameshuka kijitoni."